Tumeni Hewa Safi, Msitume Mashine Tu: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Jumuiya za Waafrika Mashariki wa Washington, D.C., Maryland na Virginia



Asubuhi ya Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliyobeba watu 43 ilianguka katika Ziwa Victoria ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba. Watu 19 walipoteza maisha. Kwa wale 24 waliookoka, msaada wa kwanza kufika ulikuwa wa wavuvi na mitumbwi yao. Siku zilizofuata tulizungumza sana, huku na kule nyumbani, juu ya hali ya hewa, juu ya uwanja wa ndege, na juu ya kijana mvuvi aliyeuendea mlango wa ndege kwa kasia. Jambo moja lililotajwa katika ripoti ya awali ya uchunguzi halikupata mjadala liliostahili: boti ya uokoaji ilipofika, mitungi ya wazamiaji haikuwa na hewa ya kutosha, na boti yenyewe ilikuwa na upungufu wa mafuta. Mafuta ya boti yanapatikana karibu kila mji wa ziwani. Hewa ya kujaza mtungi wa mzamiaji ni habari nyingine kabisa.

Nawaandikia ninyi kwa sababu jumuiya zenu zina desturi ya kuchanga. Msiba mkubwa ukitokea Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo, bakuli linapitishwa, fedha zinatumwa, na mara nyingine kontena linapakiwa vitanda vya hospitali, vitabu na kompyuta zilizotumika. Pendekezo langu ni kwamba mchango mmoja, utakaotolewa kabla ya msiba, uelekezwe kuwapatia wazamiaji wa uokoaji wa mji mmoja wa ziwani au wa pwani uwezo wa kujaza mitungi yao wenyewe. Bukoba ni mahali pazuri pa kuanzia, ingawa Mwanza, Kisumu au Lamu zina haki hiyo hiyo. Hoja yangu ni kwamba hewa salama ya kuzamia inaweza kupatikana kwa fedha ambazo jumuiya zenu zinazimudu, kwa sharti kwamba unafuu utafutwe kwenye mashine na kwenye kushirikiana matumizi yake, na usitafutwe hata kidogo kwenye chujio wala kwenye kipimo. Mkilikiuka sharti hilo, mtakuwa mmewapelekea ndugu zetu kitu kibaya kuliko mtungi mtupu. Mtungi mtupu hujulikana kabla mtu hajaingia majini. Mtungi uliojaa hewa chafu haujulikani mpaka mtu yuko chini.

Mnaishi katika mji ambao ujuzi wa jambo hili umekaa miongo mingi. Kuanzia 1927 hadi 1975, kitengo cha majaribio ya uzamiaji cha Jeshi la Wanamaji la Marekani kilikuwa Washington Navy Yard, ukingoni mwa mto Anacostia, kabla ya kuhamia Panama City, Florida. Kamandi inayosimamia mwongozo wa uzamiaji wa jeshi hilo bado iko hapo hapo Navy Yard, na mwongozo wenyewe mtu yeyote anaweza kuusoma bila kulipa senti. Shirika la usalama kazini la Marekani, OSHA, lina makao yake Constitution Avenue. Chama cha watengenezaji wa gesi zilizoshindiliwa, Compressed Gas Association, ambacho ndicho kinachopanga madaraja ya hewa ya kupumua, kimekuwa kaskazini mwa Virginia kwa miaka mingi. Watu wanaosafiri kwa ndege saa kumi na nane kwenda kufundisha usalama Afrika Mashariki wanatoka katika mitaa ambayo ninyi mnaipita kila siku mkienda kazini. Ni ajabu kidogo kwamba tunatuma kompyuta zilizochakaa na kuuacha ujuzi wa bure umekaa rafuni.

Ujuzi huo unasema nini? Kanuni za OSHA kwa wazamiaji wa kibiashara zinataka hewa anayopewa mzamiaji isizidi sehemu 20 za kaboni monoksaidi kwa kila milioni, sehemu 1,000 za hewa ukaa kwa kila milioni, na miligramu 5 za ukungu wa oili kwa kila mita ya ujazo. Tena isiwe na harufu mbaya. Hewa itokayo kwenye kompresa lazima ipimwe kila baada ya miezi sita. Daraja la E la chama kile cha gesi, ambalo ndilo wazamiaji wa Marekani hulitumia sana, ni kali zaidi kwa kaboni monoksaidi: sehemu 10 kwa milioni. Kiwango cha Ulaya cha 2014 kimeshuka hadi 5. Tarakimu hizi zinaonekana ndogo mno, na ndiyo maana watu huzidharau. Hewa yenye sehemu 10 kwa milioni mtu anaweza kuipumua barabarani siku nzima akaenda nyumbani salama. Lakini kina cha maji kinabadili hesabu.

Kila mita 10 za kina huongeza presha ya angahewa moja. Kwa hiyo kwa mita 30 mzamiaji anapumua hewa yenye presha mara nne ya ile ya juu, na sumu iliyomo ndani yake humwingia mwilini kana kwamba imezidishwa kwa nne. Chukueni mfano wa Likoni. Gari lililoteleza kutoka kwenye kivuko Septemba 29, 2019, likiwa na mama na binti yake, lilikutwa kwenye kina cha takriban mita 58, na likatolewa Oktoba 11, baada ya wazamiaji wa jeshi, wa binafsi na wengine kutoka Afrika Kusini kuhangaika siku nyingi. Kwa kina kile presha ni karibu mara saba. Sehemu 20 za kaboni monoksaidi, ambazo kwa karatasi ya OSHA zinaruhusiwa, zinakuwa na nguvu ya sehemu karibu 140. Na gesi hii hung'ang'ania himoglobini ya damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa ndani, wakakutwa asubuhi wamekufa kana kwamba bado wako usingizini. Ni gesi hiyo hiyo. Aliyelala chumbani anaweza kubahatika jirani akamfungulia dirisha. Mzamiaji anachokipata ni kichwa kuuma, kichefuchefu na akili kuvurugika, dalili ambazo atadhani ni uchovu au mawimbi. Tena kuna mtego: akiwa chini, wingi wa presha ya oksijeni humsaidia kiasi, na hali huharibika anapopanda juu, wakati oksijeni inapungua na sumu bado imekaa kwenye damu.

Swali linalofuata ni sumu hiyo inaingiaje kwenye mtungi, na hapa ndipo wengi wenye nia njema hukosea. Jibu la kwanza kila mtu analijua: moshi wa injini. Kompresa ya petroli ikivuta hewa karibu na ekzosi yake, inajaza moshi mtungini. Dawa yake ni bomba refu la kuvutia hewa, lililowekwa juu, upande unakotoka upepo. Rahisi kusema. Ila katika mji wa ziwani upepo hugeuka: mchana unavuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unarudi ziwani. Bomba lililokuwa salama saa nne asubuhi linaweza kuwa katikati ya moshi saa mbili usiku. Na mwalo si mahali pa hewa safi hata upepo ukitulia, kwa maana kuna injini za boti, kuna pikipiki, kuna majiko ya kukaushia samaki. Anayeendesha mashine lazima aangalie upepo kila anapoiwasha, si siku ya kuifunga tu.

Jibu la pili wengi hawalijui, na ndilo linalovunja faraja ya mtu anayesema, "Sisi tutatuma ya umeme, haina moshi." Kompresa ya kujaza mitungi hupandisha hewa hadi presha ya bar 200 au zaidi kwa hatua tatu au nne, na kila hatua huzalisha joto kali. Ndani yake kuna oili ya kulainisha. Ikiwa oili si ile iliyotengenezwa kwa hewa ya kupumua, au imezeeka, au mashine imepata joto kupita kiasi kwa sababu feni ni chafu au valvu zimechoka, oili hiyo huungua nusunusu ndani ya silinda na kutoa kaboni monoksaidi yake yenyewe. Hakuna ekzosi popote, na sumu ipo. Fundi anayemimina oili ya gari kwenye kompresa ya kuzamia kwa sababu ile maalumu imekwisha dukani anaweza kuua mtu bila kujua kosa lake liko wapi. Ongezeni hapo kwamba umeme ukikatika, mashine ya umeme itaendeshwa kwa jenereta, na jenereta itawekwa karibu ili waya ufike. Moshi mliodhani mmeukwepa umerudi kwa mlango wa nyuma.

Halafu kuna maji. Hewa ya nyuzi 20 iliyoshiba unyevu hubeba takriban gramu 17 za maji kwa kila mita ya ujazo. Ikiwa na nyuzi 30 hubeba gramu 30. Kwa nyuzi 40 hupita gramu 50. Mtungi wa kawaida wa alumini, ule ambao Wamarekani huuita wa futi za ujazo 80, huchukua takriban lita 2,200 za hewa. Kuujaza siku ya joto la pwani, au mchana wa Agosti hapa Washington ambako unyevu unajulikana, ni kupitisha kwenye mashine gramu 50 hivi za maji. Sehemu kubwa hutengwa na kumwagwa kupitia valvu za chini, ikiwa mwendeshaji anakumbuka kuzifungua kila baada ya dakika 10 au 15. Kinachobaki kinaangukia kwenye chujio. Ndani ya chujio kuna tabaka za chembe zinazonyonya unyevu, mkaa maalumu unaokamata mvuke wa oili na harufu, na katika yaliyo mazuri kuna hopkaliti, mchanganyiko wa oksidi za manganizi na shaba unaogeuza kaboni monoksaidi kuwa hewa ukaa. Hopkaliti ikilowa haifanyi kazi. Kwa hiyo chujio lililochoka kunyonya maji limeacha pia kuzuia sumu, na linaendelea kuonekana zima kwa nje. Watengenezaji huandika idadi ya saa au mitungi ambayo chujio litahudumia, lakini kwa kawaida idadi hiyo ni ya nyuzi 20. Hewa inayoingia kwenye chujio ikiwa na nyuzi 40, maisha yake yanapungua hadi theluthi moja hivi. Mtu anayefuata kitabu cha maelekezo cha mtengenezaji wa Ujerumani akiwa Bukoba au Mombasa, bila kufanya hesabu hii, anapumulia chujio lililokufa kwa theluthi mbili za muda wake.

Nimelikalia jambo la chujio kwa sababu ndipo bajeti ndogo hukatwa kwanza. Kamati ikiona dola elfu kadhaa za mashine, itazikubali kwa kuwa mashine inaonekana, inapigwa picha, inakabidhiwa kwa utepe. Machujio ya ziada ya miaka mitatu, ndoo za oili sahihi, kipimo cha kaboni monoksaidi cha mkononi cha dola mia kadhaa na ada za maabara havipigwi picha. Vinaitwa "gharama za uendeshaji" na vinaachiwa wapokeaji. Ningependa kamati zenu zifanye kinyume. Pangeni kwanza fedha za chujio, oili, vipimo na mafunzo kwa miaka mitatu. Kinachobaki ndicho kitakachoamua ukubwa wa mashine. Kama kinachobaki kinatosha mashine ndogo tu ya kubebeka inayosukuma lita 100 kwa dakika, basi ni hiyo. Itajaza mtungi mmoja kwa dakika 20 na ushei. Si kasi ya kujivunia, lakini mitungi kumi iliyojazwa taratibu wiki iliyopita inamfaa mzamiaji kuliko mashine kubwa inayosubiri chujio kutoka ng'ambo.

Hapo ndipo unafuu wa kweli ulipo: hewa ya uokoaji haina haja ya kutengenezwa siku ya ajali. Mitungi mikubwa ya akiba ikiunganishwa pamoja, ikajazwa usiku wakati hewa ina ubaridi na chujio halihangaiki, kituo kinakuwa na hewa iliyokwisha kupimwa, tayari kuhamishiwa kwenye mitungi ya mgongoni kwa dakika chache. Mashine ndogo yenye akiba hufanya kazi ya mashine kubwa isiyo na akiba. Unafuu wa pili ni kushirikiana. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji la Tanzania lina majukumu yote mawili, la moto na la maji, na askari wa zimamoto anayeingia kwenye moshi naye anapumua hewa ya mtungi mgongoni. Kompresa moja iliyotunzwa vizuri inaweza kuwahudumia wote wawili. Inapofanya kazi mara kwa mara, oili yake inabadilishwa kwa ratiba, mwendeshaji hasahau kazi, na kasoro hugunduliwa mapema. Mashine inayowashwa mara moja kwa mwaka ndiyo ya kuogopa.

Unafuu wa tatu ni vifaa vilivyotumika, na hapa mko mahali pazuri, maana vikosi vya zimamoto vya Marekani hubadilisha kompresa zao za hewa ya kupumua kila baada ya muda na za zamani huuzwa. Nunueni, lakini nunueni mkiwa mmefungua macho. Mashine nyingi za hapa zina mota za hezi 60. Umeme wa TANESCO ni wa volti 230 na 400 kwa hezi 50, na wa Kenya Power nao ni wa hezi 50. Mota ikifungwa bila kubadilishwa itazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita, feni ya kupoza nayo itapunguza mwendo, na joto litapanda. Nimekwisha kusema joto hufanya nini kwa oili. Gharama ya mota mpya iingizwe kwenye bei tangu mwanzo. Kwa mitungi iliyotumika nina ukali zaidi. Sheria ya Marekani inataka mtungi wa hewa upimwe kwa presha ya maji kila baada ya miaka mitano, na tarehe hupigwa mhuri shingoni. Mtungi unaouzwa kwa bei ya kutupa mara nyingi ni ule ulioshindwa kupimwa au ambao mwenyewe hataki kuulipia kipimo. Baadhi ya mitungi ya alumini iliyotengenezwa hapa kabla ya 1990 ni ya aloi 6351, inayojulikana kwa kupata nyufa shingoni ikiwa imekaa na presha. Msiipokee hata mkipewa bure.

Najua mapingamizi yatakayokuja, na mengine yana uzito. La kwanza litasema kwamba Bukoba waliookoa watu ni wavuvi wasio na mtungi wowote, na kwamba ushujaa wa aina ile hauhitaji Daraja la E la Virginia. Sina la kupunguza katika sifa za wavuvi wale. Lakini mtu anayezama kwa pumzi yake ana dakika moja, labda mbili, na hawezi kuingia ndani ya chombo kilichopinduka akatafuta mlango gizani. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 20, 2018, na watu zaidi ya 220 kufariki, fundi wa kivuko alitolewa akiwa hai siku mbili baadaye. Wazamiaji ndio waliomfikia ndani ya chombo. Mtu kama huyo hafikiwi kwa pumzi ya mtu mmoja.

Pingamizi la pili ni la kisheria na linatoka kwa wenye kusoma. Watasema kanuni ya OSHA ninayoinukuu inawahusu wazamiaji wa kibiashara, na kwamba ndani yake imewaondoa waziwazi wazamiaji wa vyombo vya serikali wanaofanya kazi ya utafutaji na uokoaji. Ni kweli. Lakini angalieni sababu. Mwokoaji hawezi kusubiri taratibu zote wakati mtu anakata roho majini, na sheria imempa nafasi hiyo. Hewa iliyo mgongoni mwake ilitengenezwa siku nyingi kabla ya dharura, na wakati ule hakuna aliyekuwa anakata roho. Usiku wa Januari 29, 2025, ndege ya abiria ilipogongana na helikopta ya jeshi karibu na uwanja wa Reagan na watu 67 kufa, wazamiaji waliingia Potomac usiku ule ule kwenye maji ya barafu yaliyochanganyika na mafuta ya ndege. Walikuwa na mengi ya kuhofia. Ubora wa hewa mgongoni haukupaswa kuwa mojawapo, na haupaswi kuwa mojawapo kwa mwenzao wa Bukoba.

Pingamizi la tatu ndilo gumu: watu wengi duniani wanazama kwa vifaa duni na wanarudi. Ndiyo, wengi wanarudi. Lakini tazameni waliokwisha kuhesabu wasiorudi salama. Wamiskito wa Honduras wamekuwa wakizamia kamba-mti kwa miaka mingi, kwa mitungi mibovu na bila mafunzo, na wengi wamepooza au kufa. Kesi ya 42 kati yao ilipitia Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, ambayo makao yake ni hapa Washington, na Agosti 31, 2021 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ikatoa hukumu dhidi ya Honduras. Niseme wazi kwamba madhara mengi ya wale yalitokana na kukaa chini muda mrefu na kupanda haraka, jambo ambalo hewa safi peke yake hailiponyi. Funzo ninalolichukua ni kwamba hewa ya bei rahisi huwapeleka watu chini zaidi, mara nyingi zaidi, bila ujuzi wa kuwarudisha. Kwa hiyo kompresa isitumwe mahali ambapo hakuna wazamiaji waliofunzwa, na kwa Ziwa Victoria mafunzo yazingatie kwamba ziwa liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Majedwali ya kupanda yaliyoandikwa kwa ajili ya bahari hayatumiki huko bila marekebisho.

Kuna hofu nyingine ambayo haisemwi mikutanoni: kwamba mashine itaishia kwenye mikono ya wavuvi wanaozamia kwa mitungi, wanaomaliza majongoo bahari na kuvua wanachokatazwa. Hofu hii ni halali, nami sioni sababu ya kuipuuza. Ndiyo maana mashine isikabidhiwe kwa mtu, wala kwa chama cha jana kilichosajiliwa ili kupokea msaada. Ikabidhiwe kwa chombo cha serikali chenye jukumu la uokoaji, kwa mkataba, pamoja na daftari la kujazia ambalo kila mtungi unaandikwa namba yake, tarehe, kipimo cha kaboni monoksaidi na jina la aliyeujaza. Daftari hilo linagharimu chini ya dola tano na linazuia mengi kuliko kufuli. Wale wanaosema kazi hii ni ya serikali nawaunga mkono: ni kazi yake, na mkataba wenu uiandike hivyo, ili baada ya miaka mitatu bajeti ya chujio iwe mstari wa kudumu katika makadirio ya serikali na isibaki kuwa ombi kwa watu wa Silver Spring.

Na wapo watakaosema maabara ni anasa, pua ya mzamiaji mzoefu inatosha. Pua hugundua oili na mpira ulioungua. Kaboni monoksaidi haigundui, hata pua iwe ya nani. Kipimo cha mkononi kwa kila mtungi na sampuli ya maabara kila miezi sita vinakamilishana, kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Sampuli zinaweza kuchukuliwa kwa vifaa maalumu na kutumwa kwa maabara za nje. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ya Tanzania ina tawi la Kanda ya Ziwa, Mwanza. Iulizwe mapema ni vipimo vipi inaviweza, kwa maana kipimo kinachofanyika karibu ndicho kitakachofanyika kweli.

Ninachowaomba, basi, kinaweza kuamuliwa katika mkutano mmoja. Teueni watu watatu, angalau mmoja awe fundi wa mashine au mwenye uzoefu wa zimamoto; wengi wenu mnao wanachama wa namna hiyo katika kaunti za Montgomery, Prince George's na Fairfax. Wasome kanuni za OSHA na mwongozo wa Navy, ambavyo ni bure. Waandikieni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji mkiwauliza wanachohitaji kabla ya kuwaambia mtakachotuma. Tengeni fedha za chujio, oili, vipimo na mafunzo kwenye akaunti isiyoguswa kwa ajili ya kununua mashine. Mashine ikishapatikana, iendesheni hapa hapa Maryland au Virginia, mpeleke sampuli ya hewa yake maabara, na msifunge kontena mpaka karatasi ya majibu imesomwa mbele ya wanachama.

Wenu katika ujenzi wa nyumbani,
Msomaji wa Silver Spring, Maryland